Jiji Lisilokuwa na Wageni

Mimi nikipanga safari, safari hupangika. Sina haja ya kujifanya mnyenyekevu. Nimewapeleka wanafunzi watundu hadi mto Nile na kuwarudisha wote wakiwa na viatu vyao. Nimepanga harusi za wadogo zangu, nimepanga mazishi ya mjomba aliyeacha wajane watatu wasiosalimiana, na hakuna sufuria iliyorushwa. Kwa hiyo nilipoamua kupanga ziara ya kundi zima kwenda kwenye jiji ambalo halipo popote duniani, sikuona cha kunitisha.

Jiji hilo alilitunga mwuza dawa mmoja wa hapa Arua, Uganda, mtu ambaye sote tunamwita daktari kwa heshima tu. Ulikuwa mchezo wa kuigiza kwa maandishi. Tulikuwa na kundi kwenye simu, kila mmoja na mhusika wake. Unaandika mhusika wako anafanya nini, na daktari, ambaye ndiye mwenye mchezo, anakujibu kimetokea nini. Tulicheza Jumamosi alasiri, kila mtu akiwa kwake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule yangu iko upande wa Pajulu, lakini kwenye mchezo kalamu nyekundu niliiweka kando. Kila mtu aliandika Kiswahili chake, cha soko, cha kambi, cha mpakani, nami nikanyamaza, jambo ambalo kwangu si dogo.

Tulikuwa wachezaji kumi hivi, ila wa kukumbuka ni wachache. Kulikuwa na dereva wa lori ambaye maisha yake yote yamepita kwenye barabara ya Vurra, akivuka mpaka kwenda Aru, Kongo, na kurudi. Kulikuwa na dada wawili wa Pajulu, wakulima wa mihogo, waliotumia simu moja na mhusika mmoja, ndiyo maana mhusika wao alibishana na nafsi yake kutwa. Na alikuwepo rafiki yangu wa Koboko, ambaye kisa hiki chote ni chake.

Daktari alijua kutesa watu, Mungu amsamehe. Jiji lake lilikuwa la viwanda vitupu. Moshi umeziba jua, king'ora ndicho kinachowaamsha watu na ndicho kinachowalaza. Hakuna mwenye jina, kila mtu ana nambari iliyoshonwa kifuani. Kiwanda kikubwa kinatengeneza bolti mchana na usiku, na hakuna anayejua bolti hizo zinafunga nini. Chakula ni uji. Kuimba ni kosa. Na kosa kubwa kupita yote, ambalo alilitia makusudi kwa kuwa anatufahamu, ni kusalimiana.

Sasa mwambie mtu wa huku kwetu West Nile asisalimie! Dereva alikamatwa siku yake ya kwanza tu. Alitumwa kupeleleza ukuta, akamkuta mlinzi, akaandika: "Habari ya asubuhi, ndugu. Nyumbani iko namna gani?" Daktari akamjibu: siku tatu bila uji. Dereva akaandika: "Sawa. Lakini mama yako iko muzima?" Siku tatu nyingine. Nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye madaftari ya kidato cha pili.

Huyo rafiki yangu wa Koboko ni Mnubi, fundi cherehani. Tulikua pamoja hapa Arua, nyumba zetu zikigeuziana migongo, na mama yake alinilisha mimi kama vile hakujua nina kwetu. Alipoolewa alihamia Koboko. Mume wake alikuwa fundi wa malori, mtu wa vichekesho, mikono haitakati hata kwa petroli. Kila asubuhi mwanamume huyo alimsindikiza mkewe mpaka dukani kwake sokoni, amembebea pasi ya mkaa iliyokwisha kuwashwa, moshi ukiwafuata njia nzima. Watu wazima, wamezeeka pamoja, na bado anamsindikiza! Wakifika mlangoni mwenzangu anampokonya pasi na kumfukuza: "Inatosha. Rudi sasa, watu watacheka." Naye huondoka akicheka, na kesho yake yuko pale tena na pasi yake. Niliyaona haya kwa macho yangu kila nilipolala kwao, na sitasema uongo, nilikuwa namwonea wivu.

Kisha homa ikamchukua yule bwana, haraka, bila hata kutupa nafasi ya kuzoea kwamba anaumwa. Rafiki yangu akakaa eda, ndani, kama inavyompasa mjane wa Kiislamu. Mimi ndiye niliyemwambia ajiunge na mchezo. Nikamwambia, dada, mwili umekaa eda, vidole havijakaa. Akacheka kidogo, akajiunga. Mhusika wake alikuwa mkunga katika kijiji huru nje ya Jiji, na alimchezesha vizuri sana, mkunga mkali mwenye mdomo, alizalisha nusu ya kijiji.

Eda ikaisha. Wanawake wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakamvalisha nguo mpya, wakamtoa hadi barazani. Alisimama pale, akaitazama barabara, akageuka akarudi chumbani. Tangu hapo hakuvuka pazia la mlango wake. Haumwi, anakula, anaswali, anajibu salamu. Kutoka tu ndiko kulikomshinda.

Na wiki ileile, kwenye mchezo, mkunga wake alitembea peke yake mpaka lango la Jiji, akaomba apewe nambari.

Daktari alinipigia simu amechanganyikiwa. "Mwalimu, huku watu wanatoroka. Hakuna aliyewahi kuingia kwa hiari yake. Nimfanye nini?"

Nikamwambia ampe nambari, angefanya nini tena? Akampa. Kuanzia siku hiyo rafiki yangu aliandika mambo yaleyale tu. "Niko kwa mashine. Bolti moja imepita. Ingine imepita." Kila Jumamosi. Bolti imepita, ingine imepita. Nilikuwa nikiyasoma maneno yale mara mbili mbili, kwa sababu nilijua hachezi.

Halafu shangazi yake, mama mtu mzima anayeishi naye, akanipigia. Mwenye chumba cha duka alikuwa amechoka kuona kufuli. Amesema mlango usipofunguliwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, chumba atakitoa kwa watu wa kutengeneza simu. Kwa fundi cherehani wa Koboko, kukosa duka wakati watu wanashona nguo za Idi ni sawa na mkulima kukosa mvua. Lakini shangazi hakulilia nguo za Idi. "Mwalimu," aliniambia, "hii mutoto, duka ikienda, yeye hapana toka tena. Atakaa kwa hii chumba mpaka tunabeba yeye."

Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa na hasira, sijui na nani, na homa, na mwenye chumba, na mimi mwenyewe kwa kuwa mbali. Mimi nikikasirika hupanga. Nikaandika kwenye kundi: Tunakwenda kumtoa mkunga.

Loo, kundi liliamka! Daktari alifurahi mno, maana alikuwa ameandaa kila kitu kwa wavamizi. Akatukumbusha kanuni moja ya Jiji ambayo haivunjiki: mfanyakazi habebwi wala haibiwi. Akitoka, atoke kwa miguu yake mwenyewe. Mengine, akasema, tujipangie. Akadokeza kwamba kuna mtaro wa maji machafu chini ya ukuta, kuna mlinzi mlevi, kuna ufunguo fulani. Wenzangu wakaanza kupanga kuzama mtaroni.

Nikawaambia ng'o! Sisi si wezi. Mtu aliyefiwa haingiliwi dirishani. Ataendewa, kwa mlango wa mbele, mchana, na watu waliovaa wakapendeza. Ikiwa tunamheshimu tunakwenda kama wageni.

Nilidhani watabisha. Hawakubisha hata kidogo, walikuwa kama watu waliokuwa wakilisubiri neno hilo. Kuvamia hatukuwahi kukujua vizuri, lakini kutembelea! Tukamchagua dereva awe msemaji, kwa mvi zake na kwa kuwa amepita mpakani miaka yote hiyo kwa nguvu ya salamu tu. Tukakubaliana vitu vya kubeba, sukari, sabuni ya mche, majani ya chai. Dada wa Pajulu wakasema hawawezi kuingia kwa watu bila kuku. Mzima. Daktari akasema kuku atapiga kelele. Wakamjibu: kuku asiyepiga kelele ni mgonjwa, na hatupeleki mgonjwa. Tukabishana tufike saa ngapi, kwa sababu ukifika adhuhuri utaonekana umefuata chakula. Kisha tukaingia kwenye suala la kitenge cha sare, kijani au buluu, na hapo tulizama Jumamosi mbili nzima, na kuna watu waliacha kusemeshana.

"Nimejenga ukuta," aliandika daktari. "Nimeweka mbwa. Nimeweka taa za kumulika. Na nyinyi mko kwenye kitenge."

"Kijani," nikamjibu. "Tumemaliza. Ni kijani."

Sisi tulipanga kila kitu. Nasema kila kitu na nina haki ya kusema. Jambo moja tu halikumjia mtu yeyote kichwani, nalo ni jinsi ya kuondoka.

Siku yenyewe nilikaa barazani kwangu na bakuli la maharage ya kuchambua, simu imeegemea kikombe. Dereva akaanza. Aliandika kwamba tumefika langoni, jua likiwa bado la asubuhi, tumevaa kijani, kuku yuko kwapani.

"Simama!" akaandika daktari kwa sauti ya mlinzi. "Nyinyi ni wapelelezi?"

"Hapana," dereva akajibu. "Sisi ni wageni. Tumekuja kuona mutu wetu."

Tuliona daktari anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Baadaye alinieleza. Alikuwa ametunga kanuni za wapelelezi, za wezi, za watoro, za waasi, ukurasa juu ya ukurasa. Ya wageni hakuwa nayo. Haikumpitikia kwamba mtu anaweza kwenda kwenye jiji kama lile na sukari.

Nikaona nimsaidie. Nikaandika: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akanirudishia papo hapo: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe hutolewa siku ya kwanza." Lakini lango akalifungua. Mtu aliyelelewa na bibi yake Mlugbara hawezi kumrudisha mgeni aliyebeba kuku, hata kwenye lango la kubuni. Nilijua hawezi. Nilikuwa nimelitegemea hilo tangu mwanzo.

Tukapita viwandani. Tukamkuta kwenye mashine yake. Dereva akamwamkia, tukafuatia sote mmoja baada ya mwingine, makosa juu ya makosa, na daktari akaandika kwamba mlinzi anatazama pembeni. Rafiki yangu hakujibu. Tulingoja. Maharage yangu yalikuwa yamesimama, sijui lipi bovu lipi zima.

Kisha akaandika: "Karibuni."

Halafu: "Kaa kwa sanduku ya bolti. Chai hapana. Iko uji kidogo, tunagawa."

Ee Mungu wangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu eda iishe aandike kitu kisicho bolti. Tukakaa kwenye sanduku. Tukanywa uji wake. Aliwauliza dada wa Pajulu kama mihogo imekomaa, akamwuliza dereva kama barabara ya Aru bado ina matope. Nilimsikia kabisa anavyozungumza, mkono mmoja kiunoni. Tulikaa, tukakaa, tukaongea mpaka maneno yakaisha, na hapo ndipo dada mmoja wa Pajulu alipoandika, na nadhani alikusudia kumwuliza ndugu yake tu: "Sasa hapa tunatoka namna gani?"

Jasho lilinitoka. Mimi, mpangaji wa safari!

Dereva ndiye aliyetuokoa, au tuseme alifanya kile ambacho amefanya maisha yake yote akiwa kwa watu, aliaga. Aliandika: "Mama, sasa sisi tunaomba njia."

Na rafiki yangu akajibu bila kukawia: "Ngoja basi. Nasindikiza nyinyi."

Bakuli lilianguka. Maharage yote chini, kuku wa jirani wakayavamia, sikujali. Wapi duniani mwenyeji wa kwetu amekaa kitako wageni wakaondoka peke yao? Mkunga aliacha mashine yake akatembea nasi. Mlinzi wa kwanza akamwuliza nambari ile inakwenda wapi. "Nasindikiza wageni." Hakukuwa na kanuni ya kumzuia. Mlinzi wa pili, "Nasindikiza wageni." Akapita tanuri, akapita uwanja wa mbwa, akafika langoni, na kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze daktari aliandika kwamba upepo umevuma na moshi umepasuka kidogo. Hatua moja tu ilibaki. Kwa miguu yake mwenyewe, kama kanuni ilivyotaka.

Dereva akaandika: "Inatosha mama. Rudi sasa."

"Haya," rafiki yangu akajibu. "Salimia nyumbani."

Akarudi kwenye mashine. Bolti moja imepita. Ingine imepita.

Sikungoja hata dakika. Nilimpigia dereva, nikamtolea uvivu. "Wewe una akili kweli? Umemwambia arudi! Mtu tumemtafuta hivi, amefika langoni, unamwambia arudi!"

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia, "mutu nasindikiza wewe, lazima wewe naambia yeye inatosha. Kama hapana, atatembea mpaka wapi? Ni heshima tu. Mudomo ilisema peke yake."

Alikuwa amesema kweli. Huku kwetu mwenyeji hawezi kujirudia njiani kama vile amekuchoka. Anakusindikiza mpaka wewe mgeni umwachilie, na mgeni mwenye adabu anamwachilia mapema. Mimi ningekuwa ndiye msemaji ningeandika maneno yaleyale, tena kwa Kiswahili sanifu. Tulimfikisha langoni kwa adabu na tukamrudisha kwa adabu. Wavamizi wa nchi nyingine wasingefanya ujinga huo.

Nilifagia maharage yaliyobaki. Nikiwa bado na ufagio mkononi, hasira ikaanza kugeuka kitu kingine. Huyu mwanamke hakukubali kutoka kwa ajili ya duka, wala kwa ajili ya shangazi, wala kwa udi na nguo mpya. Lakini wageni waliposema wanaondoka, aliinuka bila kufikiri. Nikaacha ufagio, nikaandika kwenye kundi, lakini yeye nikiwa nimemweka nje ya ujumbe huo: Kitenge tunacho. Tunakwenda Koboko. Ya kweli.

Sharti lilikuwa moja. Hakuna atakayemwambia inatosha. Hakuna atakayemwambia arudi. Dada wa Pajulu waliapa kwa Biblia, daktari akaapa, dereva nikamwapisha kwa lori lake. Shangazi nikamweleza kwa simu, akacheka, akasema, "Wewe tangu utoto wewe ni shetani."

Tulikwenda kwa lori lilelile, daktari na mimi mbele na dereva, dada nyuma na kuku. Sote kijani. Ramadhani ilikuwa inakaribia, sokoni tende zilikwisha kufika. Tuliegesha karibu na nyumba, tukabisha hodi, na shangazi akatuingiza hadi chumba cha wageni kana kwamba hajui lolote.

Rafiki yangu alitoka chumbani mwake akatukuta. Alikuwa amekonda. Alitutazama vile tulivyovaa, akamtazama kuku, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nyinyi nakuja na kuku ya ukweli!"

Kisha akamgeukia daktari, ambaye hakuwahi kumwona. "Wewe ndiyo mwenye Jiji?"

"Ndiyo, mama," akasema daktari, na mtu mzima yule akainamisha kichwa.

"Uji yako ni mubaya sana."

Tulicheka mpaka tukashikana. Chakula kilikuja kimefunikwa na tabaga, zile kawa za rangi ambazo wanawake wa Kinubi husuka wenyewe, na chai ya tangawizi iliyochoma koo. Tulizungumza kila kitu isipokuwa duka. Mimi sikumtazama sana usoni, nilijua nitasema jambo la kijinga.

Jua lilipoanza kupoa dereva alikohoa. "Mama, sasa sisi tunaomba njia."

Shangazi akaegemea ukuta, akashika goti. "Hii goti yangu leo nakataa kabisa. Wageni mutanisamehe."

Rafiki yangu alimtazama shangazi yake, akatutazama sisi tuliokwisha kusimama. Hakuna mwingine wa kusindikiza. Akachukua gurbaba yake, lile vazi la Kinubi la kujifunga juu ya nguo, akajifunga, akatufuata hadi kwenye pazia la mlango. Hapo akasimama.

Niligeuka nikaondoka. Nilimpa mgongo rafiki yangu wa tangu utotoni, nikashuka barazani na wenzangu nyuma yangu, na sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Nilikuwa nimefika kwenye mti wa ua wao niliposikia kandambili zake zinagonga saruji.

Tulitembea polepole, kama inavyotakiwa. Alikuja pembeni yangu akaanza kunisimulia kuhusu jirani yao na mbuzi wake. Majirani waliokuwa vibarazani walinyamaza, wakaona sio vizuri, wakasalimia. Akawajibu. Tukafika kona, mahali ambapo mgeni yeyote mwenye malezi angesimama na kumwachilia mwenyeji wake. Tukapita. Tukafika msikitini. Nilimwona dereva anafungua mdomo, maskini, mazoea ya miaka hamsini yanamsukuma, nikamkanyaga mguu. Akageuza maneno yakawa chafya.

Rafiki yangu alianza kututazama mmoja mmoja.

"Nyinyi naenda wapi?" akauliza. "Lori iko kule nyuma."

"Tunanyoosha miguu," nikasema.

Akasimama katikati ya barabara. Mbele yetu soko lilikuwa linaonekana, na mlango wake wa bati la buluu nao unaonekana kwa mtu anayeujua. Akaelewa. Niliona uso wake unavyoelewa, na mimi mwenye kujiamini, mpangaji wa safari, roho ilinidunda kama ya mwizi. Angegeuka nisingekuwa na mpango mwingine.

"Hakuna mutu nasema rudi?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Hata wewe, dereva?"

Dereva akatikisa kichwa, macho yako chini kwenye viatu vyake.

"Wallahi, nyinyi hamuna adabu," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Kisha akatupita, akatangulia mbele, nasi tukamfuata.

Mlangoni alifungua fundo kwenye pembe ya gurbaba yake. Ufunguo ulikuwa mle. Sikujua, na shangazi pia hakujua. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, daktari akataka kusaidia, akamsukuma kwa kiwiko, akalifungua mwenyewe. Ndani kulinuka mafuta ya cherehani na nguo zilizokaa. Alivuta kitambaa kilichofunika mashine, akakikung'uta, vumbi likatupiga usoni sote. Akaketi. Akazungusha gurudumu kwa mkono mara moja, akasikiliza, akatia mafuta, akazungusha tena. Mwanamke mmoja wa duka la pili alikwisha kuja na kitambaa mkononi, anauliza kama Idi bado kuna nafasi.

Sisi tulibaki mlangoni tumejipanga, kijani kitupu, watu watano wasiojua la kufanya na mikono yao. Alitutazama, akainuka, akaja hadi kizingitini na mkono mmoja kiunoni.

"Inatosha," akasema. "Rudi sasa, watu watacheka."

Tukarudi.